Kibao kwenye kitasa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni desturi gani ya ugenini iliyokuwia ngumu, na uliizoea vipi?" Nimelisoma swali lenu kwenye treni ya alfajiri nikitoka zamu ya usiku, nikaona nijibu kwa urefu kidogo. Watu wa nyumbani wakiniuliza habari za Ujerumani huuliza baridi na chakula. Baridi dawa yake ni koti, na chakula unapika mwenyewe. Mimi kilichonitoa machozi ni ngazi.

Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa saba naishi Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, na kazi yangu ni kutunza wazee. Jengo tunaloishi lina ghorofa nne na kaya nane. Wiki ya tatu tangu nihamie, nilirudi kutoka kazini nikakuta kibao cha mbao kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu, kimeandikwa neno moja tu: Kehrwoche. Nikadhani kuna mtu kakisahau. Nikakitoa, nikateremka nacho, nikakiweka juu ya masanduku ya barua. Kesho yake kimerudi palepale. Nikakitoa tena. Jumatatu iliyofuata nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko wa kizee ulionyooka: "Ngazi za wiki iliyopita hazikusafishwa. Kwa salamu za kirafiki." Chini yake jina la mama mmoja wa ghorofa ya juu yangu.

Kehrwoche maana yake ni wiki ya kufagia. Ni desturi ya watu wa Swabia, eneo hili tulilopo, na ni ya kale kwelikweli: tangu mwaka 1492 sheria za mji wa Stuttgart ziliwataka watu waondoe taka zao kila wiki ili mji ubaki safi. Siku hizi majengo mengi yameajiri kampuni za usafi, lakini letu bado linashika zamu. Kibao kikiwa kwako, wiki hiyo ngazi ni zako: kufagia kutoka juu hadi chini, kupiga deki, kufuta kishikio cha ngazi, na ikianguka theluji utoke na koleo uisafishe njia ya mbele kabla watu hawajaanza kupita. Jumapili jioni unakitundika kwenye mlango wa anayefuata. Mimi nilikuwa namfuata yule mama wa juu. Yeye ndiye aliyekuwa akikirudisha.

Naomba nieleweke. Kufagia si kazi ya kumshinda mtoto wa kike wa Tanga. Mimi nimeshika ufagio wa chelewa kabla sijaanza shule, uwanja ukifagiliwa jua halijatoka. Kilichoniuma ni ile karatasi. Kwetu jirani angepiga hodi. Angeuliza nimeamkaje, watoto hawajambo, mama Tanga anaendeleaje, kazi je. Angeketi, angekunywa chai, na lile la ngazi angelitaja akiwa ameshanyanyuka anavaa viatu, kana kwamba limemjia hivi hivi tu. Huyu kaandika, kabandika, kaondoka. Niliisoma karatasi ile kama tusi, na kwa miezi mingi kila nilipopishana naye nilimwamkia kwa midomo tu.

Halafu ikaja Idi. Nikasema moyoni, acha nivunje ukimya huu kwa njia ninayoijua. Nikakaanga kaimati na visheti, nikajaza sahani nzuri ya maua niliyotoka nayo nyumbani, nikaifunika, nikapanda, nikagonga kengele. Mama akafungua mlango kiasi cha mabega yake. Akashukuru, akapokea, akasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa nangoja "karibu ndani", na haikuja. Jioni ileile akateremka kunirudishia sahani. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Na tupu. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa vyote utatia hata ndimu mbili. Nilifunga mlango nikalia.

Ilinichukua muda kufahamu, na aliyenifahamisha hakuwa jirani, ilikuwa kazi. Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi, mzee haitwi kwa jina lake la kwanza. Ni Bi fulani, Bwana fulani, kwa jina la ukoo, na neno "wewe" wanalo la aina mbili: du kwa mtoto, ndugu na rafiki, Sie kwa mtu wa kuheshimiwa. Hata mkikaa miaka kumi, mdogo hatoki kwenye Sie mpaka mkubwa mwenyewe amruhusu. Siku nilipoelezwa hivyo nilishtuka kwa furaha, maana nimeijua: hii ni shikamoo yao. Tofauti ni kwamba ya kwetu inatamkwa mara moja asubuhi mtaa mzima ukaisikia, ya kwao imefichwa ndani ya kila sentensi, na mgeni haioni.

Kisha niliona mzee wetu mmoja akifariki. Mimi nimezoea msiba wenye sauti: vilio, majirani wanaomiminika na majamvi na masufuria, kahawa, watu kulala chini siku tatu. Pale mwenzangu wa makamo aliingia chumbani, akamfumba mzee macho, akanyoosha shuka, akaenda akafungua dirisha. Ilikuwa Januari, baridi ikaingia yote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hivyo ndivyo bibi yake alivyofanya, ili roho ipate njia. Akawasha mshumaa, tukasimama pale wawili, hakuna aliyesema neno. Sikumbuki tulisimama muda gani.

Tangu hapo nilianza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Heshima ya kwetu husikika: hodi, salamu, pole, karibu, msururu mzima wa maneno kabla hujafika kwenye shida yako. Heshima ya watu hawa, kwa sehemu kubwa, iko katika lile wanalojizuia wasilifanye. Kutokuja bila miadi. Kutokuchungulia ndani mwa mwenzio anapofungua mlango. Kutopiga kelele baada ya saa nne usiku. Kutotupa chupa kwenye pipa la vioo siku ya Jumapili, kwa kuwa mlio wake utamwamsha mtu. Hiyo Jumapili wameifunga hata na katiba: kifungu cha kuilinda kama siku ya kupumzika kiliandikwa mwaka 1919, na katiba ya mwaka 1949 ikakibeba kama kilivyo. Basi yule mama aliposimama mlangoni alikuwa anasubiri nimwambie nimekuja kwa lipi, asije akanichelewesha. Na aliporudisha sahani siku ileile, safi, alikuwa ananitendea wema mkubwa anaoujua: hakukaa na kitu cha watu.

Kuna mengine yaliyonisumbua ambayo nayataja haraka. Macho, kwa mfano. Mkubwa akisema nami, mimi hutazama chini, ndivyo nilivyolelewa. Msimamizi wangu wa kwanza aliniuliza kwa upole kama kuna kitu namficha. Ikabidi nijifunze kumtazama mtu mzima usoni, na hadi leo shingo inakuwa nzito. Mkono wa kushoto, kinyume chake, hakuna anayeujali. Utapewa chenji, dawa na hata mkate kwa kushoto, wala hakuna aliyekudharau.

Na saa. Nilipoanza darasa la lugha na kusikia Schule, nilijiona nimefika nyumbani. Kwani neno letu "shule" si ndilo hilo? Tanga ilitawaliwa na Wajerumani, na hata "hela" tunayoitamka kila siku inatokana na heller, sarafu yao iliyoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1904. Nikajidanganya kwamba lugha hii ni ya jirani. Kisha nikaambiwa nifike kazini "halb acht". Halb ni nusu, acht ni nane. Nikafika saa mbili na nusu asubuhi yetu, ambayo kwa namba zao ni 8:30, nikiwa nimejipanga vizuri kabisa. Kumbe Mjerumani huihesabia nusu saa ile inayokuja: halb acht ni nusu ya kuielekea nane, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu. Nilichelewa saa nzima, mbele ya watu ambao kwao kuchelewa ni kumwibia mwenzio. Wazee walikuwa hawajapata chai. Hakuna aliyenigombeza, na huo ukimya ulinichoma kuliko kugombezwa. Nawasihi wanaokuja: mkipewa miadi, iandikeni kwa tarakimu, muwaoneshe, waitikie.

Nilipokuwa naondoka nyumbani shangazi yangu aliniusia kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe funga jicho lako. Namheshimu shangazi, lakini usia huo haukunitosha. Kufunga jicho ni kuiga tu. Nilipiga deki ngazi zile karibu mwaka mzima nikiwa nimefunga jicho, na kila tone la maji lilikuwa na kinyongo ndani yake. Lililonisaidia ni kuuliza: desturi hii inamlinda nani? Na nikishajibiwa, naona ipi niichukue na ipi niiache. Zipo nilizoziacha. Wakigonganisha glasi nagonganisha nao, kwa maji ya tofaa, nikiwatazama machoni kama wanavyotaka. Nyumbani kwangu watoto wanatoa shikamoo, hata kwa simu. Na yale maisha ya mzee kukaa miezi bila kutembelewa, kisa watoto hawataki kumsumbua wala yeye hataki kuwasumbua, hayo siyakubali na nimewaambia wenzangu kazini waziwazi. Hapo ukimya wao umepita kiasi.

Hata wao wakija kwetu wana ya kujifunza. Mwenzangu mmoja alikwenda likizo Zanzibar akarudi akilalamika kwamba wauzaji wa Darajani walimnunia. Nikamuuliza, ulipofika ulisema nini? Akasema, niliuliza bei. Hukusalimia? Hakusalimia, hakutaka kuwapotezea wakati. Nikamweleza kwamba kwetu salamu ndiyo mlango wenyewe, na yeye alipita dirishani. Safari ya pili alianza na "habari za asubuhi". Siku moja muuzaji wa viungo akamkalisha kwenye kigoda, akamnusisha karafuu na hiliki moja moja.

Narudi kwenye ngazi, maana huko ndiko jibu langu liliko.

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa tatu, wiki ilikuwa ya mama wa juu. Jumamosi nilimsikia akipiga deki kama kawaida yake, ndoo ikigusa kila kipago. Jumapili jioni nilingoja kibao. Hakikuja. Nikasema labda amelala mapema. Jumatatu nilitoka kwenda zamu ya asubuhi, kitasa changu kitupu. Niliporudi mchana nikapanda kutazama: kibao kingali mlangoni kwake. Nilisimama pale na mifuko yangu ya sokoni, moyo ukanidunda. Yule mama miaka mitatu hajawahi kuchelewesha kibao hata saa moja. Nikagonga kengele. Kimya. Desturi ya hapa ingenitaka niteremke nikaandike karatasi. Sikuandika. Nikapiga mlango kwa kiganja, nikaita kwa sauti yote, na kilichonitoka kilikuwa Kiswahili: hodi! Hodi humu ndani! Nikaweka sikio kwenye mbao. Ndani kabisa nikasikia mtu akiguna.

Nikapiga 112. Wazima moto wakaja wakafungua mlango. Alikuwa chini, kwenye ukumbi mdogo, tangu Jumapili asubuhi, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Nilimshika mkono mpaka machela ilipofika.

Alipokuwa hospitali nilimpigia simu kwanza kumuuliza ni siku gani na saa ngapi nije, kwa namba zao. Nikaenda na ndizi mbivu na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, nikakaa mpaka wauguzi waliponitoa. Siku ya pili ya kumtembelea aliniambia tuache Sie, nimwite du. Kwa mila yao hiyo ni zawadi kubwa na haikataliwi. Nikamwambia ukweli: ulimi wangu hautaweza kumwita mtu wa umri wa bibi yangu kama namwita mwenzangu, na nikamfundisha cha kubadilishana badala yake. Sasa tukipishana ngazini mimi husema shikamoo, naye husimama, hushika kishikio, hujibu "marahaba", ile r ikitokea kooni.

Kwa nyonga ile hawezi tena kuinama. Kaya zote tulikubaliana kumruka kwenye zamu, na aliyepelekwa kumpa habari nilikuwa mimi. Akakataa katakata. Deki nipige mimi, sawa, lakini kibao kipite kwake kama kinavyopita kwa wote. Kwa hiyo kila wiki ya nane, Jumapili jioni, mmoja wa majirani hukitundika kwenye kitasa chake, na Jumamosi mimi hupanda na ndoo yangu. Nikimaliza namgongea. Anafungua mlango, mlango wote siku hizi, anatazama ngazi hadi chini, kisha anaingia jikoni kuteleka maji ya chai.