Padri, nachunguza dhamiri kila usiku lakini sikui kiroho, nakosea wapi?

Kuna ndugu kaniandikia kutoka Tandahimba, kakubali nijibu wazi ila jina lake nisilitaje. Swali lake nalifupisha hivi:

"Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nina mke na watoto, jumuiya sikosi na kwaya naimba. Kila usiku kabla ya kulala nachunguza dhamiri kama tulivyofundishwa kwenye kipaimara, natubu, ila mwaka unaingia mwaka unatoka niko palepale. Kwenye sala mawazo yanatangatanga, rozari nasinzia, Kwaresima nafunga lakini ndani mkavu kabisa. Najiona mtu mbaya sana mbele za Mungu ila ubaya wenyewe siujui ni upi. Kazini sina shida, msimu wa korosho nakaa mizani kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, mambo ya kupunguza kilo moja mbili yapo ila ndo kawaida ya mizani zote, mimi sio kama hawa wa kangomba, wanunuzi wa magendo wanaowamaliza wakulima. Naomba unisaidie, nifanyeje nikue kiroho?"

Milele amina ndugu yangu. Nakujibu kwa upendo ila nakujibu bila kuzunguka, maana naona ukiendelea hivi utachoka na mwisho hata hizo sala utaziacha.

Hebu rudia kusoma ulichoandika. Kusinzia kwenye rozari umeeleza, mawazo kutangatanga umeeleza, ukavu wa Kwaresima umeeleza, afu mizani umeipitisha harakaharaka na papo hapo ukaiwekea utetezi, kwamba ni kawaida, na ukaleta na watu wabaya kuliko wewe ili uonekane afadhali. Sikulaumu kwa kuandika hivyo, tena nashukuru umeandika, hakuna aliyekuuliza habari za kazini na wewe mwenyewe ukazitaja, mimi naamini Roho Mtakatifu ndo alikusukuma. Lakini ndivyo moyo ulivyo, unatushughulisha usiku kucha na makosa ambayo hayatudai chochote, na lile linalodai hela au aibu unalifichaficha. Nabii Yeremia alishasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote (Yer 17:9), na hakusema moyo wa wapagani, kasema moyo.

Ndo maana hili neno lako "mimi ni mtu mbaya sana" silipokei kirahisi. Linasikika kama unyenyekevu ila halina mtu ndani yake. Nani kaumia? Lini? Kwa kiasi gani? Mtu anaweza kusema nimekosa mimi nimekosa mimi nimekosa sana kila Jumapili miaka yote huku akipiga kifua, na siku hata moja asimtaje aliyemkosea. Kanisa linalijua hilo zamani, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ukaweka wazi kwamba dhambi za mauti zitajwe kwenye kitubio kwa aina zake na idadi yake, sio kwa ujumla jumla. Sio kwamba padri anapenda kusikia habari za watu, hapana, ni kwa sababu dhambi isiyotajwa jina inaendelea kukaa.

Sasa tuje kwenye kangomba. Wewe unawachukia na unawachukia kwa haki, mtu anamvizia mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, anamnunulia korosho kwa bei ya kutupa, ni dhuluma. Ila mkumbuke mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa Uria. Nabii Nathani alimweleza habari ya tajiri aliyemchukulia maskini mwanakondoo wake mmoja, Daudi akawaka hasira, akaapa yule mtu anastahili kufa na alipe mara nne, hukumu kaitoa mwenyewe kwa mdomo wake, na Nathani akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Sam 12). Daudi sheria alikuwa anaijua vizuri tu, hasira ya kupinga dhuluma alikuwa nayo, kitu kimoja tu ndo alikuwa hajafanya, kujiweka mwenyewe ndani ya habari. Huyo wa kangomba na wewe wa mizani mnakutana kwa mkulima yuleyule.

Najua maelezo ya unyaufu, yaani korosho kukauka, huku kusini nani asiyeyajua. Ni kweli korosho ikikaa ghalani uzito unapungua. Kama wanachama waliambiwa kwenye mkutano kwamba kitakatwa kiasi fulani kufidia unyaufu wakakubali, na kweli kinafidia unyaufu, hiyo ni hesabu ya chama na mimi sina neno. Lakini wewe ndo unakaa hapo, unajua zile kilo zinaishia wapi. Kama msimu ukiisha zimegeuka kuwa magunia yaliyoandikwa jina la mtu ambaye hana hata mkorosho mmoja, basi ndugu yangu ni wizi, na uliyemuibia ni yule mama aliyekopa salfa, dawa ya mikorosho, akapulizia kipindi cha maua, akapalilia, akaokota punje moja moja akiwa ameinama na mtoto mgongoni, akaja kwako akasimama mbele ya mizani akakuamini. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", Mithali 11:1. Chukizo! Kusinzia kwenye rozari sijaona popote kwenye Biblia kunaitwa chukizo.

Hapo ndo naona chanzo cha ukavu wako. Sisemi kila ukavu unatokana na dhambi, wapo watakatifu walikaa kwenye giza la sala miaka na walikuwa safi, kwa hiyo anayesoma hapa na hana la mizani asianze kujitafutia. Ila kwako wewe Bwana mwenyewe ameshatoa utaratibu, ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, kapatane kwanza, ndipo urudi uitoe (Mt 5:23-24). Wewe sadaka unaileta kila usiku, na kukumbuka unakumbuka, ila hujaenda. Ukibaki mkavu hapo mimi nasema ni huruma ya Mungu, angekuachia utamu wa sala ungetulia na zile kilo.

Namna ya kujichunguza sasa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye mazoezi yake ya kiroho yalichapishwa mwaka 1548, hakuanza na dhambi, alianza na shukrani, unamshukuru Mungu kwa ulichopokea siku hiyo, afu unaomba neema ya kuziona dhambi zako, maana kwa macho yako peke yako huzioni, ndipo unaipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, halafu msamaha, halafu kusudi la kujirekebisha kwa neema yake. Hilo la kuomba mwanga ndo watu wengi wanaliruka na ndo lenye nguvu, Zaburi ya 139 inamalizia na maneno haya, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", yaani anayechunguza ni Mungu, wewe unashika taa tu. Na alifundisha pia kushika kosa moja kwanza, sio yote kwa mpigo, asubuhi unakusudia kulikwepa, mchana unajikagua, jioni unajikagua tena, na kila ukianguka unaweka mkono kifuani kuomba toba, kitu ambacho unaweza kukifanya hata mbele za watu na hakuna atakayejua. Wewe shika mizani. Rozari ya kusinzia iache kwanza, utairudia.

Niwakumbushe na wengine wenye shida ya kinyume, wanaojichimba mpaka wanajiumiza. Huyuhuyu Inyasi mwaka 1522 pale Manresa, Hispania, alikuwa anaungama dhambi zilezile za zamani tena na tena, hapati amani, akafikia hata wazo la kujiua, mpaka alipotambua kwamba ile sio sauti ya Mungu, akaacha kurudia yaliyokwisha kuungamwa. Kama umeungama, umejuta, umerekebisha unachoweza, imekwisha, lala. Mtume Yohane anasema hata mioyo yetu ikituhukumu Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu (1 Yoh 3:20).

Turudi kwako, maana bado lile zito. Kuungama peke yake hakutoshi hapa. Torati ilikuwa inadai mkosaji aungame, arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano juu yake (Hes 5:7), na Katekisimu ya Kanisa namba 1459 inasema hivyohivyo kwamba aliyemdhuru jirani afanye kila linalowezekana kurekebisha, ikiwemo kurudisha alichoiba. Zakayo mtoza ushuru (Lk 19) alisema nusu ya mali kwa maskini na niliowadhulumu nawarudishia mara nne, na ni baada ya hayo Yesu akasema leo wokovu umefika kwenye nyumba hii. Umeniuliza ukue vipi, mimi nakuonyesha Zakayo, alikua siku moja tu na alikua kupitia mfuko wake.

Kaa na daftari. Wale unaowakumbuka, rudisha kwa bei ya msimu ule, hulazimiki kujitangaza kijijini, unaweza kuipitisha kwa padri na asitajwe mtu, siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Aliyefariki wapewe warithi wake. Wale usiowakumbuka kabisa, kadiria kwa haki na uwape maskini, na usikadirie kwa kujipendelea. Hela huna yote kwa mkupuo, lipa kidogo kidogo ila uanze. Mke wako mshirikishe, hiyo hela imepita jikoni kwake. Na msimu ujao soma mizani ilivyo, wenzako wakikulazimisha toka hapo, kibarua cha msimu hakilingani na roho yako, naelewa kwamba kwa mtu mwenye ada za watoto hilo sio dogo na nakuombea.

Kitubio usikicheleweshe mpaka Kwaresima. Kama parokiani kwako unaona aibu kwa sababu padri anakufahamu, panda gari uende Ndanda kwa watawa Wabenediktini, ni mbali kidogo ila hawakujui, waambie kama ulivyoniandikia mimi, safari hii anza na mizani.