Mgahawa kando ya mto jijini Arusha: leseni ni ya mwisho, anza na mita 60

Mkuu, nimesoma uzi wako na majibu yote. Kwa anayeingia sasa hivi: mleta mada amepata kiwanja kando ya mto Themi, upande wa Njiro. Mwenye nacho anataka kodi ya mwaka mzima na kilemba juu yake. Mleta mada anataka mgahawa wenye jukwaa la mbao linalotokeza juu ya maji, kama alivyoona kwenye video za marina (bandari ndogo za boti) za Ulaya, na anauliza aanze na leseni ipi. Wachangiaji karibu wote wamemwambia atafute TIN, aende kwa afisa biashara, mengine yatajipa.

Hayajipi. Nimeendesha bustani ya nyama choma kando ya mto hapa Arusha kwa miaka, na siku hizi nina sehemu nyingine Moshi, kwa hiyo naandika niliyoyapitia. Leseni ya biashara ndiyo karatasi nyepesi kuliko zote. Inasema wewe fulani unaruhusiwa kuuza chakula. Haisemi kwamba kile kiwanja kinaruhusiwa kuwa mgahawa, wala kwamba jengo lako linaruhusiwa kusimama pale liliposimama. Hayo mawili yanaamuliwa na watu wengine, ofisi nyingine, na hao wakifika hawaulizi leseni.

Tuanze na mto, maana ndiko mipango mingi inakofia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, au bwawa. Watu wameikariri hiyo mita 60 wakaishia hapo. Endelea kusoma: kinakataza pia shughuli ambayo kwa namna yake inaweza kuharibu hifadhi ya ukingo, hata kama si ya kudumu. Kwa hiyo yule aliyechangia juu kwamba "weka kontena, hilo si jengo" amekupa nusu ya kifungu. Kontena lina jiko, jiko lina maji ya kuoshea vyombo, na maji hayapandi mlima.

Wala sheria hiyo haiko peke yake. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 ya mto, ziwa au pwani miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji kwa namna yake. Ukikwepa mlango mmoja unakutana na mwingine.

Mita 60 kwenye karatasi ni namba ndogo, ila shuka nayo kiwanjani na futi kamba ndipo utaelewa. Viwanja vingi vya mjini havifiki urefu huo. Kile nilichopanga mimi kilikuwa kirefu kweli kweli, cha zamani, na bado baada ya kupimwa nilibakiwa na kipande cha juu tu, karibu na barabara, ambako hata sauti ya mto haisikiki. Na usipime mwenyewe. Mimi nilipimiwa kutoka ukingo wa juu, pale maji ya masika yanapofika, si pale yalipokuwa yamejikunyata mwezi wa Septemba. Tofauti ya pale na pale ni sehemu ya kuweka meza za harusi nzima. Anayebisha aulize wakazi wa kando ya mito yetu waliyoyaona kwenye mvua za Aprili 2024.

"Lakini ana hati!" Sawa, hati anayo. Vipo viwanja kando ya mito ya Arusha vilivyopimwa na kumilikishwa kabla ya 2004, na mwenye hati ni mmiliki halali. Kumiliki hakukupi ruhusa ya kuongeza jengo jipya ukingoni. Nimemwona jirani mwenye hati safi kabisa akiwekewa alama ya X nyekundu, ile ya kubomoa, kwenye ukuta wa choo cha wateja, huku nyumba yake ya kuishi, ya juu zaidi, haikuguswa.

Ofisi ya kwenda ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Makao yake makuu yako Moshi, na watu wengi wa Chuga (Arusha) hawajui kwamba mto wao unahusika huko. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale ndipo Pangani inaposhuka kwenda baharini. Mafuta ya chipsi yakimwagwa Njiro, mvuvi wa Mwanga ana haki ya kukasirika. Waandikie barua, omba wakuonyeshe mpaka wa hifadhi ya mto kwenye kiwanja hicho, na uwe na maandishi yao mkononi kabla hujatoa kilemba. Ukitaka kuchota maji ya mto kumwagilia bustani unahitaji kibali chao cha kutumia maji, na ukitaka kutiririsha chochote humo ni kibali kingine, ambacho kwa mgahawa sikushauri hata ukiulizie.

Sasa matumizi ya ardhi. Hapa ndipo wachangiaji wamenyamaza kabisa, na ndipo penye kazi kubwa kuliko mto wenyewe.

Kila kiwanja kilichopimwa mjini kina matumizi yaliyoandikwa kwenye hati na kwenye mchoro wa mipango miji: makazi, makazi na biashara, biashara, taasisi, eneo la wazi, na kadhalika. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka utumie kiwanja kwa kilichoandikwa. Njiro sehemu kubwa ni makazi. Nyumba ya makazi iliyovunjwa ukuta wa mbele na kutundikwa bango la "Grill" bado ni makazi mpaka pale halmashauri itakaposema vinginevyo. Kuna watu wanafanya hivyo miaka na miaka bila kuguswa, ndiyo, nawajua. Kinachowalinda ni ukimya wa majirani. Siku jirani mmoja akichoshwa na spika yako na akaandika barua kwa mkurugenzi wa jiji, swali la kwanza atakaloulizwa mwenye nyumba ni matumizi ya kiwanja.

Kubadilisha matumizi inawezekana, ila anayeomba ni mmiliki, si mpangaji. Hili liandike kwenye mkataba. Mwenye kiwanja wangu wa kwanza aliniambia "nenda tu, nitasaini", kodi ilipoingia akawa hapokei simu. Maombi yanapita idara ya ardhi na mipango miji, yanatangazwa ili majirani wapate muda wa kupinga, yanaingia kwenye kamati ya madiwani, kisha yanapanda juu kwa uamuzi. Hesabu miezi, usihesabu wiki. Wakati huo wote kodi inakwenda. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba kodi inaanza siku kibali kinapotoka, au angalau ipunguzwe nusu mpaka hapo. Mwenye nyumba akikataa sharti hilo, amekwambia anachokijua kuhusu kiwanja chake.

Angalia pia mpango kabambe (master plan) wa Jiji la Arusha unaoishia 2035. Kipande cha kando ya mto kinaweza kuwa kimechorwa kama ukanda wa kijani, na hapo hata mmiliki akiomba mabadiliko kwa heshima zote anaomba kitu ambacho mchoro mkubwa umeshakikataa. Kuitazama ramani pale mipango miji si kazi. Nenda asubuhi, mapema, kabla foleni ya migogoro ya mipaka haijajaa kwenye benchi.

Moshi mchakato ni huo huo, ila mji ni mdogo na watu wa Manispaa wanajua kila uchochoro. Kando ya mito ya Karanga na Njoro hakuna mtu atakayeweka nondo ukingoni akamaliza mwezi bila kuonekana. Mimi binafsi naupenda ukali huo. Unaambiwa hapana mapema, kabla hujanunua saruji.

Sasa hili la "mbona Dar wanakula juu ya maji pale Slipway, Masaki?" Swali zuri, na jibu si rushwa tu kama mchangiaji mmoja alivyorukia. Pale palikuwa karakana ya boti kabla ya kuwa maduka na migahawa. Kazi ya boti haiwezi kufanyika Dodoma. Inataka maji. Hiyo ndiyo mantiki ya marina zote unazoziona kwenye video: kilichoruhusiwa ukingoni kwanza ni gati, mahali pa kuegesha na kutengeneza boti, na mgahawa unaingia nyuma yake kama huduma ya wenye boti na wageni wao. Mdogo wangu anafanya kazi jikoni kwenye marina moja huko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Kule wana sheria ya ukingo wa maji ya tangu 1971, na miji inagawa shughuli kati ya zile zisizoweza kufanyika bila maji na zile zinazofurahia mandhari tu. Mgahawa huwekwa kundi la pili, na mara nyingi unapewa masharti: acha njia ya umma kupita mbele ya maji, usizibe watu wasione, maegesho yawe nyuma. Anasema mgeni yeyote anaweza kupita mbele ya meza za wateja akila karanga zake na hakuna wa kumfukuza.

Wewe Themi huna boti. Huwezi kusema mgahawa wako unahudumia gati. Unachotaka ni mandhari, na mandhari ya mto unaweza kuyapata ukiwa umekaa mita 61. Ndivyo nilivyofanya mimi: jiko, vyoo, stoo na karo la majitaka vyote juu, ndani ya eneo linaloruhusiwa, na jiko lina chemba ya kukamatia mafuta kabla maji hayajaingia karoni. Chini tukaacha nyasi na miti, bila zege hata la kipande, bila taa za kuchimbiwa. Wateja wanashuka na viti vyepesi mchana, jioni vinapandishwa. Kwanza niliuliza kwa barua kama hilo linakubalika, nikajibiwa kwa barua, na barua hiyo ninayo kwenye fremu ukutani karibu na leseni. Afisa mpya akihamishiwa hapa huwa anaisoma hiyo kabla ya kusema neno. Jukwaa lako la mbao lenye nguzo ndani ya mto sahau. Nguzo ni ya kudumu hata ukiipaka rangi ya majani.

Mengine nayapitisha haraka. Kibali cha ujenzi kabla ya tofali. Waulize NEMC (baraza la mazingira) Kanda ya Kaskazini, wako hapa hapa Arusha, kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Zimamoto na OSHA (wa usalama mahali pa kazi) watakuja. Kusajili jengo la chakula ni suala la TBS (shirika la viwango) tangu 2019, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na bwana afya wa kata atakagua jiko na vyeti vya afya vya wahudumu. Baada ya hapo ndipo leseni ya biashara kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ambayo ukiwa na TIN na mkataba wa pango haina ugumu. Ya vileo ni tofauti na inakwenda kwa vipindi vya miezi sita, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi, kwa hiyo ukifungua mwezi wa Agosti jipange. Kuhusu muziki, kanuni za kelele za 2015 zina kiwango cha usiku cha chini sana kwa maeneo ya makazi, na bonde la mto linabeba sauti mpaka ng'ambo. Majirani wa ng'ambo hawali kwako lakini wanakusikia.

Shemeji yako wa Tengeru uliyemtaja kwenye uzi, mwenye wazo la mgahawa unaoelea ziwa Duluti ni habari nyingine. Duluti ni ziwa la kreta ndani ya msitu wa hifadhi, na msitu uko chini ya TFS (wakala wa misitu), kwa hiyo mazungumzo yanaanza kwao wala si halmashauri. Kuelea hakumtoi kwenye mita 60, kwa sababu ngazi, choo na jiko la maandalizi lazima viwe nchi kavu mahali fulani. Chombo chenyewe ni cha TASAC, wakala wa meli, kukagua. Amuulize TFS kwa maandishi kabla hajamlipa fundi hata shilingi ya mbao.

Na wewe, ukishapata mchoro wa mipango miji wa hicho kiwanja, upige picha uuweke hapa, ufiche namba ya kiwanja. Nitakuangalizia mstari wa mto umepita wapi na matumizi yameandikwa nini.