Sura ya 7 imeandikwa na AI: asilimia ngapi zinaruhusiwa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kasulu. Naandika riwaya ya mjane wa mvuvi wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Sura sita zilikuja zenyewe, ya 7 ikagoma. Nimekaa nayo miezi minne. Mwisho nikaiomba ChatGPT iniandikie, ikatoa kurasa tatu, nami nikabadilisha majina na maneno mengi. Rafiki yangu aliipitisha kwenye programu ya kupima AI, ikasoma asilimia 18. Kuna kijana wa steshenari Kigoma mjini anasema kwa elfu thelathini ataishusha hadi 0. Nataka kuipeleka kwenye shindano. Je, kimaadili ni asilimia ngapi zinakubalika? Nimekuambatishia muhtasari wa sura sita za kwanza na ukurasa mmoja wa sura ya 7. (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hiyo elfu thelathini usiitoe.

Miezi minne ni karibu eda nzima, kwa hiyo pole kwanza. Ila swali la asilimia nimelichoka. Mwaka huu limenifikia mara nyingi kuliko swali la tahajia, na kila anayeliuliza ameshaamini kwamba kuna namba fulani, 10 au 20, ambayo ukiwa chini yake wewe ni mwandishi na ukiivuka ni mwizi. Namba hiyo haipo. Programu hizo hazijui nani ameandika. Zinatazama maneno yanavyofuatana: yakifuatana kwa namna inayotabirika, zinasema ni mashine. OpenAI, hao hao wenye ChatGPT, walitoa kipima chao Januari 2023 wakakiri wenyewe kwamba kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Julai mwaka huo wakakiondoa. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vipima saba kwa insha za Kiingereza za watu ambao si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, na zote zilikuwa za watu. Kama hali ni hiyo kwa Kiingereza, 18 yako ya Kiswahili ina uzito gani?

Sasa tuje kwenye ukurasa ulioambatisha. Mjane amesimama ufukweni, mbalamwezi imetanda, anangoja maji yajae ili mitumbwi irudi na dagaa.

Mwalimu, Ziwa Tanganyika halijai na kupwa kwa saa. Hayo ni maji ya Tanga na Bagamoyo. Na dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa, tangu enzi za karabai mpaka hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Mtoto yeyote wa Kibirizi angekucheka. Mashine imeandika hivyo pengine kwa sababu maandishi mengi ya Kiswahili yanayohusu uvuvi ni ya pwani, na kazi yake ni kutabiri neno linalofuata. Haijui iko ziwa gani. Wewe uliyebadilisha majina na maneno hukugusa kosa hata moja, kwa kuwa ulikuwa unafuta alama za vidole na macho yako hayakuwa kwenye hadithi.

Hapo ndipo ninapokasirika, niseme ukweli. Neno “nimebadilisha” limekuwa kama sabuni. Amazon, tangu Septemba 2023, inamtaka anayechapisha kitabu kwake atamke kama maandishi yametengenezwa na AI, na inasema wazi kwamba hata ukiyahariri sana baadaye bado yanahesabika hivyo. Ukiitumia kupata mawazo au kusahihisha tu, hudaiwi tamko. Si lazima tufuate ya Amazon, lakini mstari wameuchora mahali pake. Nani aliamua mjane asimame pale, usiku ule, akingoja nini? Kama hukuamua wewe, kubadilisha “ufukweni” kuwa “pwani” hakukufanyi uwe umeamua.

Mtu ataniletea mfano wa Rie Kudan wa Japani, aliyepata tuzo ya fasihi ya Akutagawa Januari 2024 kisha akasema kama asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka kwa ChatGPT. Ndiyo, na baadaye akafafanua kwamba maneno hayo yako pale ambapo mhusika anajibiwa na mashine. Alihitaji sauti ya mashine, akaenda kuichukua kwa mashine, akasema hadharani. Hakuna aliyedanganywa.

Kuhusu kukwama kwenyewe sitakaa sana. Mara nyingi mwandishi anakwama kwa sababu kuna kitu juu ya mhusika hajakijua bado. Sura sita umezijaza msiba. Mume amekufa maji, mwili umepatikana, watu wameondoka. Huyu mama sasa anataka nini? Mtumbwi ni wa nani, wake au wa shemeji? Nadhani hujui, ndiyo maana sura imegoma. AI ungeweza kuitumia hapo bila aibu yoyote: iambie isiandike hata sentensi moja, ikuulize maswali ishirini kuhusu huyu mjane, wewe ujibu kwa mkono wako daftarini. Kumi na tano yatakuwa ya kipuuzi. Au iulize kama umri wa mtoto wa sura ya 2 unalingana na wa sura ya 6. Kazi hiyo inaifanya vizuri, japo nayo uihakiki.

Nirudi kwa kijana wa steshenari, maana si wako peke yako. Wapo Mwanga hapa Kigoma, wapo Kasulu hapo hapo, wapo kwenye makundi ya WhatsApp wanajiita wataalamu wa “kusafisha AI”. Wanachofanya ni kuchukua muswada wako na kuutia kwenye programu nyingine inayobadilisha maneno kwa visawe. Nilipokea muswada uliosafishwa hivyo. Mhusika aliyekufa maji alikuwa “amefariki maji”. Ziwa Tanganyika lilikuwa “Bwawa Tanganyika”. Mwenyewe alikuwa amelipa, hakuusoma tena, akautuma kwangu akiwa na picha ya simu inayoonyesha 0. Kipima kiliridhika kabisa.

Zaidi ya hapo, utakuwa umempa mtu usiyemjua riwaya nzima ndani ya flashi. Atabaki na nakala. Kesho ikitokea kwa jina lingine utakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa na nini mkononi, kama rasimu zako mwenyewe umezifuta ili kuficha ya mashine? Tunzeni rasimu, jamani. Daftari lenye mikwaruzo na tarehe linakutetea kuliko kipimo chochote. Nao wanaouza huduma hii hawatauziwa kesi mwandishi akiulizwa na majaji aeleze kwa nini mjane wake anangoja maji yajae.

Kwa shindano lako: soma kanuni zao kwanza. Zikikataza AI, kurasa hizo tatu zitoe zote, usibakize sentensi uliyoipenda. Zikiwa kimya, waandikie uwaulize kabla ya kutuma. Ukipenda kubaki nazo kwa ruhusa yao, weka mstari mmoja kwenye barua: sehemu ya sura ya 7 ilianzia kwa AI. Ukiona haya kuuandika mstari huo, basi jibu la swali lako unalo.

Mimi ningezitoa. Kisha, mwezi ukiingia giza, panda gari uje Kigoma kwa hiyo elfu thelathini, ushuke Kibirizi kabla ya alfajiri na daftari. Tazama akina mama wanaopokea mitumbwi, nani anashika hesabu ya ndoo, nani anasogezwa pembeni. Mjane wako yuko katika mojawapo ya hayo makundi mawili.