Jibu: Mabaka yamevimba katikati ya dozi ya ukoma, je, aache dawa?

Habari ndugu, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako yuko mwezi wa 4 wa dawa za ukoma, mabaka yaliyokuwa yakififia yamevimba na kuwa mekundu, mkono unamuuma, na nyumbani wanataka aache dawa. Asiache.

Angalia kwanza mishipa ya fahamu. Je, anaweza kutanua kidole kidogo pembeni ukikisukuma? Kuinua dole gumba? Kufumba macho kabisa? Akishindwa, aende kliniki leo. Udhaifu mpya ukipita miezi 6 bila tiba, mara nyingi nguvu hazirudi.

Wengi niliowahudumia wakiwa hivyo walidhani ugonjwa umezidi. Kumbe ni kinga ya mwili imeamka. Seli T (askari wa kinga) hutambua mabaki ya vimelea, hata vilivyokufa, zikatoa saitokini, yaani kemikali za kupeana ishara, kama interferoni gama na TNF, ambazo huchochea makrofaji (seli za kinga zinazomeza vimelea) kushambulia. Kwa kuwa vimelea vya ukoma hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, mshipa wenyewe huumia. Ndiyo maana hupewa prednisoloni ya kutuliza kinga, huku dawa za ukoma zikiendelea.

Vinundu vyenye maumivu pamoja na homa ni mlipuko wa kinga wa aina nyingine. Vipele mwili mzima na homa, au macho ya njano, huenda ni madhara ya dapsoni, mojawapo ya dawa za ukoma. Hapo daktari aamue haraka. Mimi siwezi kuyatenganisha bila kumwona. Mtafute mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya yenu.