Ng'ombe watakunywa wapi? Kuweka mipaka ya mradi pamoja na wadau

Warsha yangu ya kwanza ya mradi wa maji kijijini iliisha kwa makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyoniponza. Kwenye bangokitita tuliandika "maji safi kwa kijiji kizima", mwenyekiti akaridhia, tukala wali tukatawanyika. Kwa mhandisi, kijiji kilikuwa watu. Kwa wafugaji, kijiji ni watu na mifugo yao. Kiangazi kilichofuata bomba lilikatwa usiku mara tatu, na sijawahi kuwalaumu waliolikata. Tuliwaahidi maji bila kujua kwamba tumewaahidi.

Siku hizi, kabla ya warsha, napita kwa kila kundi peke yake, hata kama itanichukua siku mbili. Mbele ya diwani watu hunyamaza. Chini ya mwembe nyumbani kwao husema yote. Akina mama wanaochota maji nawaalika kwa majina yao, maana barua ikisema "mwakilishi wa kaya" watakuja waume zao. Na kikao nakianza saa nne, wakiwa wameshatoka kisimani.

Siku yenyewe projekta naiacha ofisini. Tunachora kijiji chini kwa majivu, mawe ndiyo vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, kisha mhandisi anapiga hesabu kwa sauti, kila mtu asikie. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula kimoja kwa watu 250, tena kisiwe mbali na makazi zaidi ya mita 400. Kijiji cha watu 3,000, basi, kinahitaji lita 75,000 na vilula 12. Halafu nauliza: ng'ombe watakunywa wapi mwezi wa tisa? Ng'ombe 1,000, hata ukiwapa lita 25 tu kila mmoja, wanaongeza lita 25,000. Kisima kinatoa lita ngapi kwa saa? Zogo likizuka, liache. Afadhali chakula kipoe kuliko kufunga mjadala huo nusunusu.

Ukutani nabandika karatasi mbili: "Yamo" na "Hayamo". Hiyo ya pili ndiyo naitetea kwa nguvu zote. Kila linaloingia humo lisomwe kwa sauti na yule litakalomgusa, na pembeni yake tuandike nani atalibeba na lini. Birika la mifugo likiwa "Hayamo", mfugaji mwenyewe alisome, na afisa mifugo aseme mbele yake ng'ombe wataelekezwa wapi. Mahudhurio, posho na sahihi vitafuata.

Katika warsha moja, mama mwenye mtoto mgongoni aliinama, akaokota jiwe letu la kilula cha nne, akaliweka hatua mbili pembeni. "Hapo mvua zikianza hapapitiki," alisema, "korongo linajaa mpaka kiunoni." Mhandisi alikuwa na ramani ya setilaiti mkononi. Alichukua ufutio, akafuta alama yake, akamwomba mama amwonyeshe tena.