Maswali Yenu: Madirisha ya Makabila 12

Wiki iliyopita nilitaja madirisha 12 ya vioo vya rangi ya mchoraji Marc Chagall, kwenye sinagogi la hospitali ya Hadassah, Ein Kerem, Yerusalemu. Kila dirisha ni kabila moja la Israeli. Maswali yamemiminika.

Mchoraji alijuaje kabila lipi lina mnyama gani? (Dodoma)

Fungua Mwanzo 49. Yakobo yuko kitandani, karibu kukata roho, na kila mwanawe anapata neno lake: Yuda mwana-simba, Isakari punda, Dani nyoka wa njiani, Naftali ayala, Benyamini mbwa-mwitu. Zabuloni hakupata mnyama, alipata pwani na merikebu. Ndiyo maana dirisha lake limejaa samaki, na wekundu wake ni wa jua linapozama baharini. Chagall alichota pia baraka za Musa katika Kumbukumbu la Torati 33.

Mbona simwoni mtu hata mmoja? (Bukoba)

Hayupo. Ile amri ya kutojifanyia sanamu iliheshimiwa, hili ni sinagogi. Lakini Chagall alikuwa mjanja. Tazama dirisha la Yuda: mikono miwili imeinua taji, mwenye mikono haonekani. Mimi huliangalia hilo kuliko mengine yote.

Simba huyo ndiye wa bendera ya zamani ya Ethiopia? (Nakuru)

Ndiye. Wafalme wa kule walijihesabu uzao wa Sulemani, naye ni wa Yuda.

Mimi ni fundi vioo. Kila rangi huwa na kipande chake, kimeshikwa na ukanda wa risasi, ile metali laini. Hapa naona rangi mbili tatu kwenye kipande kimoja. Imewezekanaje? (Mombasa)

Fundi, umegusa penyewe. Charles Marq, wa karakana moja ya Reims, Ufaransa, alibuni namna ya kutandaza rangi juu ya kioo hadi kipande kimoja kikabeba rangi tatu bila risasi kuzitenganisha. Chagall akawa huru kuchora kama yuko kwenye turubai. Kazi ilizinduliwa Februari 1962.

Ni kweli yalipigwa vitani? (Kigoma)

Kweli, Vita vya Siku Sita kati ya Israeli na majirani zake Waarabu, 1967. Chagall alitengeneza upya yaliyoharibika, ila alama ya tundu iliachwa makusudi. Fundi wetu wa Mombasa atacheka: risasi ilishika vioo, na risasi ikavitoboa.