Kwa mnaoripoti kazini Kigoma: mgonjwa anapochanganyikiwa kwa mara ya kwanza

Ukipangiwa zahanati au kituo cha afya huku Kigoma, iwe Uvinza, Buhigwe au vijiji vya kando ya ziwa, usidhani magonjwa ya akili ni kazi ya hospitali ya mkoa ya Maweni au ya hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma. Yatakufuata hapohapo ulipo, na mara nyingi yatakuja usiku: kijana kafungwa kamba mikononi, nyuma yake ndugu, majirani na mgambo, kila mmoja anasema lake. Hali hiyo tunaiita saikosisi. Mtu anasikia au kuona visivyokuwepo, anashikilia imani ambazo hakuna hoja ya kumtoa, na maneno yake hayafuatani. Nataka kuzungumzia ile mara ya kwanza tu, kwa sababu hapo ndipo mkono wako una nafasi kubwa ya kubadilisha maisha ya mtu.

Wengi wanaokuja kazini wanaamini ni jambo la nadra. Si nadra. Katika kila watu 100, karibu 3 hupata saikosisi angalau mara moja maishani. Skizofrenia peke yake, ambayo ni moja tu ya magonjwa yanayoleta hali hiyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata watu milioni 24 hivi, yaani 1 kati ya 300. Wagonjwa wapya wa saikosisi kwa mwaka hutofautiana nchi na nchi, ila tafiti nyingi huangukia kati ya 15 na 35 kwa kila watu laki moja. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wetu na watu zaidi ya milioni 2.4. Chukua watu wazima milioni moja tu, upige hesabu ya makadirio: 150 hadi 350 kila mwaka. Sasa fungua rejista ya kituo chako uone ni wangapi wameandikwa. Waliobaki wako kwa waganga, kwenye maombi, mahabusu, au chumba cha uani kilichofungwa kwa nje.

Na huwapata vijana zaidi. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana hadi kwenye miaka ya 20, wanaume mapema kidogo kuliko wanawake. Ni umri wa kidato cha nne, wa kwenda chuo, wa kujifunza uvuvi, wa kuposa. Mwaka mmoja ukipotea hapo, mara nyingi hupotea na shule, na kazi, na mchumba.

Kabla ya haloperidoli, dawa ya kutuliza saikosisi, tafuta kwanza kama kuna ugonjwa mwingine. Hili nalisisitiza kwa sababu Kigoma ina malaria, na malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupigana. Pima malaria, pima sukari, pima joto, angalia shingo kama imekakamaa. Uliza kuhusu VVU na dawa anazotumia, kifafa, kuanguka, pombe aliyoiacha ghafla juzi. Kama hajui yuko wapi wala kama ni mchana au usiku, na hali inabadilika saa hadi saa, hofia mwili kabla ya akili. Mama aliyejifungua ndani ya wiki chache zilizopita yuko peke yake kwenye orodha: saikosisi ya baada ya uzazi huwapata 1 hadi 2 katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, hubadilika haraka, na ni hatari kwake na kwa mtoto. Huyo ni rufaa ya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na kichanga.

Utasikia pia, "Ni bangi tu." Bangi ya kila siku kweli huongeza hatari, hasa kwa aliyeanza mdogo. Lakini neno "tu" ndilo linalompeleka kijana kituo cha polisi badala ya kwako. Mtibu kama mgonjwa, bangi mtaizungumza akitulia.

Walio karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wazingatie jambo moja zaidi. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulionyesha kuwa wakimbizi hupata skizofrenia na magonjwa ya jamii hiyo karibu mara tatu kuliko waliozaliwa nchini humo. Hofu, kupoteza ndugu na kuishi bila kujua kesho vina mchango, kwa hiyo usiyapuuze maneno ya mtu kwa kuwa tu umezoea kusikia habari za vita.

Ukishahakikisha si ugonjwa mwingine wa mwili, fungua kamba mapema kadiri usalama unavyoruhusu, kaa chini, na uongee na mgonjwa mwenyewe. Wengi hawana fujo, wana hofu. Muulize kwa utulivu: "Hao wanaoongea, wanakuambia nini? Wanakutuma kufanya kitu?" Usibishane naye kwamba hakuna sauti, wala usimkubalie. Mwambie, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutesa." Nimeona kijana aliyekuwa akishikwa na watu wanne akinyamaza kabisa kwa swali hilo la kwanza, kisha akaanza kulia, kwa sababu tangu aanze kuugua hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dawa anza nayo kwa dozi ndogo, kwani mgonjwa wa mara ya kwanza hahitaji nyingi. Na waeleze ndugu kabla hawajaondoka kwamba katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Ni madhara ya dawa na yanatibika haraka kwa benzeksoli, au sindano ya promethazini. Usiposema, wakiona shingo imepinda saa nane usiku watasema jini limekasirika, vidonge vitatupwa chooni, na hutawaona tena.

Hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Kijana akitulia, akala, akalala, nyumbani wanasema amepona na dawa zinawekwa darini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kutulia. Sema hivyo siku ya kwanza, mbele ya yule anayeamua mambo ya familia, ambaye mara nyingi ni baba mdogo au bibi na siye aliyemleta. Wakikuambia wanakwenda pia kwa mganga au kwa shehe, usiwakemee. Waombe mambo mawili: dawa zisikatishwe, na mgonjwa asipigwe, asifungwe wala asinyimwe chakula. Ukiwadharau wataendelea kwenda, ila watakuficha.

Tarehe ya kurudi ipange kwa maisha yao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Ukimpangia mvuvi kurudi wakati wa giza, umempangia asije. Sindano ya flufenazini, dawa ya saikosisi inayokaa mwilini muda mrefu, ya kila wiki nne, kwa aliyekwisha kuonekana dawa inamkubali, inaangukia vizuri kwenye mapumziko yao. Na kukosa usingizi mfululizo kunaweza kumrudishia ugonjwa, kwa hiyo ongea na mwenye mtumbwi ampe kazi ya kuanika mchana, kama mgonjwa ameridhia.

Akili ikirudi, mtu anakumbuka aliyoyafanya mbele ya watu, na aibu hiyo ni nzito. Kipindi cha miezi ya mwanzo hatari ya kujiua ni kubwa. Muulize waziwazi kama amefikiria kufa. Swali halimpi wazo hilo, linampa mtu wa kumwambia.

Mpe pia habari njema, kwa kuwa ni za kweli: wapo wengi wanaopata nafuu kubwa, na hata kwenye skizofrenia angalau theluthi moja hufikia kutokuwa na dalili kabisa. Kisha kwenye jalada lake, nyuma, andika kwa maneno yake na ya mama yake jinsi ugonjwa ulivyoanza. Mmoja aliacha kulala, mwingine alianza kufunga madirisha mchana, mwingine aliacha kula chakula kilichopikwa na dada yake. Andika na namba ya simu ya ndugu na ya jirani, na uwaambie wakiona dalili hiyo tena waje siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.